Milango Miwili ya Delhi

Ibn Battuta sisi Wakenya tunamjua kwa usiku mmoja. Alipita Mombasa mwaka wa 1331, akataja ndizi, malimau, samaki na misikiti ya mbao, kisha akaelekea Kilwa. Tunamwacha hapo, kama abiria aliyeshuka njiani. Lakini miaka michache baadaye mtu huyu wa Tangier alikuwa Delhi, kwenye baraza la Sultani Muhammad bin Tughluq, na huko alipewa kazi ambayo yeyote aliyewahi kualikwa harusi ya watu wasio wake ataielewa haraka. Aliambiwa amshike mkono bwana harusi mgeni, asipotee.

Bwana harusi mwenyewe alikuwa Saif al-Din Ghada, Mwarabu wa jangwani kutoka ukoo wa machifu wa Syria. Sultani alipenda sana wageni, hata aliamuru wasiitwe wageni, waitwe "aziz", yaani watu wa heshima. Huyu alimpenda kupita wengine, akampa dada yake, Firuz Khunda, awe mke.

Sasa shida ikawa moja. Harusi ni ya koo mbili, na Ghada hakuwa na ukoo Delhi. Hakuwa na mama wa kumpigia vigelegele, wala dada wa kumpaka hina. Basi Sultani akamuazima ndugu. Mama yake wa kambo aliambiwa awe mama wa bwana harusi. Bibi mwingine wa jumba akawa dada, mwingine shangazi, mwingine mama mdogo. Siku 2 kabla ya harusi walimzunguka, wakamkalisha kwenye mto, wakampaka hina mikono na miguu huku wengine wakiimba na kucheza. Nje, wapishi na waokaji walikuwa kazini. Watu walikula siku 15.

Nikisoma hapo huwa nawaza ukarimu ule ulivyokuwa mkubwa na jinsi ulivyokuwa na kasoro. Ndugu wa kuazima wanaweza kukupaka hina. Kukufundisha jinsi ya kuishi kwao ni kazi nyingine, na siku 15 za pilau hazitoshi.

Dalili zilionekana mapema. Desturi ilitaka bwana harusi avae shada la asumini na maua mengine, linaloning'inia usoni mpaka kifuani. Ghada akakataa. Mwanamume wa jangwani avae maua kichwani? Ibn Battuta anasema alimbembeleza na kumwapia mpaka akakubali. Ona mambo hayo: Mmoroko anamshawishi Msyria afuate mila ya Wahindi. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nayo.

Kisha wakafika mlango wa kwanza. Watu wa bibi harusi walisimama kwenye lango, na desturi ilikuwa kwamba upande wa bwana harusi uwashinde ndipo uingie, la sivyo utoe maelfu ya dinari. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana hapa. Pwani tuna kifungua mlango, na bara kina mama hufunga geti na kuimba mpaka bahasha ionekane. Ni vita vya mchezo. Kila mtu anajua nani atashinda, na utamu uko katika kujifanya hujui. Ghada hakujifanya. Aliwavamia na wenzake kama vita vya kwao, wakaangusha kila aliyesimama mbele yao. Sultani aliposikia, alifurahi.

Ndani, bibi harusi alikuwa juu ya mimbari iliyopambwa. Akampa Ghada tambuu kwa mkono wake. Dinari zikamwagwa juu ya vichwa vya wageni, ngoma na tarumbeta zikalia nje, naye akabebwa kwa machela hadi kwa mumewe. Kesho yake, marafiki wa bwana harusi walitumiwa mavazi na pesa, na Sultani akampa kila mmoja farasi.

Baada ya siku kama 20 hivi, Ghada akafika mlango wa pili. Alitaka kuingia ikulu, bawabu mkuu akamzuia. Akalazimisha. Bawabu akamvuta nywele, Ghada akampiga kwa fimbo mpaka damu ikatoka. Ni mlango mwingine tu, na ni nguvu zile zile zilizomfurahisha Sultani. Ila huu haukuwa wa mchezo, na hakuna aliyekuwa amemwambia tofauti.

Kosa hilo lilikuwa la kifo. Sultani alimhurumia kwa ugeni wake, akampeleka mbele ya kadhi. Kuna amiri mmoja aliyejua Kiarabu akajaribu kumuokoa. Alimuuliza kwa namna ya kumwonyesha jibu: hukumpiga, sivyo? Ghada akajibu kwa fahari kwamba alimpiga. Usiku huo akalala gerezani. Mke wake hakumpelekea hata tandiko, kwa kumwogopa kaka yake. Ndugu wa kuazima hawatajwi tena. Kazi yao iliisha na hina.

Na yule mgeni mwenzake? Ibn Battuta alianza safari ya kwenda kumwona gerezani. Njiani amiri mmoja akamkumbusha yaliyompata yeye mwenyewe alipomtembelea mtu aliyekasirikiwa na Sultani, naye akarudi nyumbani. Hilo analiandika mwenyewe, bila kujipamba. Alikuwa na farasi wa harusi, na alikuwa na shingo ya kulinda.

Ghada aliachiliwa, kisha ikatoka amri afukuzwe nchini. Alitaka kuingia kumuaga mkewe, lakini askari wakaja kumchukua, akatoka akilia. Usiku huo Ibn Battuta alikwenda ikulu akalala huko. Alipoulizwa anafanya nini, alisema amekuja kumwombea rafiki yake arudishwe. Akaambiwa haiwezekani. Akaapa kwamba hataondoka hata kama atalala pale usiku 100.

Habari zikamfikia Sultani, na Ghada akarudishwa. Safari hii hakupewa mama wala shangazi. Aliwekwa chini ya amiri mmoja, akapanda naye farasi na kusafiri naye miaka 4, mpaka akazijua adabu za mji ule. Ndipo akarudishiwa cheo, ardhi na jeshi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi huisikia kama kejeli kwa mgeni. Kwa Ghada, jembe ndilo lililokosekana tangu siku ya hina.

Sauti ya Firuz Khunda haimo popote katika simulizi hili. Tunaona mkono wake ukitoa tambuu, basi. Aliyebaki kusimulia ni mgeni mwalikwa, mwaka 1355 huko Moroko, zaidi ya miaka 10 tangu aondoke Delhi. Farasi aliopewa watu siku ile ameutengea sentensi moja. Usiku wa ikulu ameusimulia wote, pamoja na siku aliyogeuka njiani.