Kiambishi hu- na Mambo ya Daima baada ya Wakati Uliopita

Katika sarufi ya Kiingereza, kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, kitenzi kinachofuata nacho hurudishwa nyuma kwa kawaida. Lakini jambo la daima laweza kuachwa katika wakati uliopo. Kiswahili hakina kanuni hiyo. "Juma alisema anaumwa" ni habari ya maumivu ya saa ile ile aliyosema. "Alisema aliumwa" ni habari ya ugonjwa uliotangulia maneno yake.

Kwa jambo lisilofungwa na saa, lugha inayo hu-. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuwa ni ya mazoea, na E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliitenga na -na- na -a-. Kiambishi hiki hakichukui kiambishi cha nafsi, wala hakina umbo lake la kukanusha.

Hapa ndipo mfasiri wa vitabu vya elimu ajikwaapo. Akifuata Kiingereza neno kwa neno, ataandika kwamba Copernicus, katika kitabu chake cha mwaka 1543, alifundisha kuwa "dunia ililizunguka jua". Msikilizaji atauliza: lini, na mbona imeacha? Kiswahili safi ni "dunia hulizunguka jua".

Lakini isidhaniwe kwamba hu- ni muhuri wa ukweli. Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya 2, alifundisha kwamba jua huizunguka dunia. Sentensi hii ni sahihi kwa sarufi, ingawa fundisho lenyewe ni la uongo. Hu- yaonyesha tu kwamba msemaji alilitoa neno lake kuwa la daima. Ukweli huchukuliwa na kitenzi kikuu: aliyegundua au kuthibitisha si sawa na aliyedai au kudhani.

Mwanahistoria naye ana sehemu yake. Akiandika kwamba Ptolemy aliutaja mji wa Rhapta na kusema "ni mji mkuu", ile "ni" ni ya zama za Ptolemy. Leo hata mahali ulipokuwa mji huo wataalamu hawajapatana. Asiyetaka kupoteza wasomaji wake na aongeze "wakati ule" au "hata leo", kwani kitenzi peke yake hakitamsemea.