Sanduku la Huduma ya Kwanza kwa Familia Inayokwenda Hija

Mwishoni mwa Mei familia nyingi za majimbo yetu hufunga safari ya basi kwenda Namugongo, Uganda, kuadhimisha sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Rozari na sare za hija huandaliwa mapema. Dawa hukumbukwa stendi.

Mwaka mmoja, nikiwa safarini na mahujaji, mtoto alianza kutapika na kuhara usiku. Mama yake alikuwa amefungasha yote yanayotakiwa, lakini sanduku lilikuwa ndani ya buti, chini ya mabegi ya basi zima. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sanduku liwe na nini, tuulize litakaa wapi. Likae miguuni pa mzazi.

Vitangulie pakiti za ORS na chupa ya lita 1 ya maji safi. Pakiti ya lita 1 huyeyushwa yote kwa mara moja. Maji yakipungua, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakizidi, dawa hupungua nguvu. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mnyweshe kijiko kimoja kimoja, polepole. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitali bila kungoja kufika Namugongo.

Kwa majeraha yatosha sabuni, shashi, plasta, bandeji, mkasi na glavu. Kwa homa, kipimajoto na parasetamoli, kwa kipimo cha umri na uzito wa mtoto. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Mabaki ya dawa za malaria yasifungashwe: homa hupimwa kwanza.

Linalonisumbua zaidi ni dawa za kila siku: za shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa, na za kufubaza VVU. Wapo wanaoziacha nyumbani kwa kuona haya mbele ya wenzao, na wapo wanaodhani kuzimeza hijani ni upungufu wa imani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka katika ardhi, na mwenye busara hazidharau. Anayekatisha dawa ya kifafa kwa siku chache tu aweza kuanguka barabarani. Basi zichukuliwe za siku zote za safari na tatu za ziada, katika vifungashio vyake, pamoja na cheti cha daktari, hasa kwa wanaovuka mpaka wa Mutukula. Insulini isiachwe juani.

Ndani ya kifuniko bandikeni karatasi yenye jina la kila mwanafamilia, ugonjwa alio nao, dawa zinazomdhuru, na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani.