Jihadhari na maua yenye sumu bustanini

Si kila ua lipendezalo macho ni salama. Baadhi ya mimea inayopandwa humu nchini katika nyua za nyumba na shule ina sumu inayoweza kumuua mtoto au ng'ombe, ilhali wengi wanaoitunza hawana habari.

Mmea wa kwanza ni oleanda, ambao jina lake la kisayansi ni Nerium oleander. Huchanua maua meupe, mekundu au ya waridi, na hupendwa kwa kuwa hustahimili kiangazi. Sumu yake, ambayo huvuruga mapigo ya moyo, imo katika kila sehemu ya mmea na haiishi majani yakikauka. Kwa hivyo, matawi yaliyopogolewa yasitupwe penye mifugo, wala yasitumiwe kuwa kuni au vijiti vya kuchomea nyama.

Thevetia peruviana, wenye maua ya manjano na asili yake Mexico na Amerika ya Kati, una sumu ya aina hiyo hiyo, hasa katika mbegu. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja na msunguti, mti ambao Wakamba na Wagiriama waliuchemsha kupata sumu ya mishale.

Aidha, kuna Brugmansia kutoka Amerika Kusini, ambao maua yake makubwa huning'inia mfano wa tarumbeta na kunukia jioni. Anayeyala hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, kisha huanza kuweweseka.

Mbarika nao una mbegu za madoadoa zinazowavutia watoto kama shanga. Zikitafunwa hutoa sumu iitwayo risini. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtoto asingojewe mpaka augue.

Mtu akila mmea wowote kati ya hii, mwondolee mabaki kinywani, asukutue kwa maji, kisha akimbizwe hospitalini pamoja na tawi la mmea huo ili daktari autambue. Usimlazimishe kutapika, na usipoteze wakati kutafuta maziwa ukidhani yataondoa sumu.

Hata hivyo, si lazima kila mti ung'olewe. Anayepogoa avae glavu na kunawa mikono baadaye. Lakini palipo na watoto wadogo, ni heri kupanda waridi au asumini.