Kutoka Darasa la Jioni hadi Mashimo Meusi: Historia Fupi ya RIT na Chuo Chake cha Viziwi

Mwaka 2029 Rochester Institute of Technology, tunayoiita RIT kwa kifupi, itatimiza miaka 200. Wenzangu wameniomba kurasa chache za kumbukumbu, na muda walionipa ni mdogo. Msomaji asishangae basi akiona wazee wa mwanzo wamepewa nafasi kubwa kuliko vijana wa leo. Vijana bado wana nguvu ya kujiandikia wenyewe.

Mwanzo wenyewe haukuwa chuo. Kulikuwa na mji mpya wa vinu vya unga kando ya mto Genesee, magharibi mwa jimbo la New York. Mfereji wa Erie ulikuwa umefunguliwa mwaka 1825, biashara ikashamiri, na wakubwa wa mji wakaona haya kuwa na fedha bila maktaba. Mwaka 1829 Kanali Nathaniel Rochester, ambaye mji umebeba jina lake, akaungana na wenyeji wenzake kuanzisha Rochester Athenaeum, chama cha kusoma vitabu na kusikiliza mihadhara. Kanali alihamia kutoka Maryland, na huko alikuwa amemiliki watumwa. Vitabu vyetu vya sherehe kwa muda mrefu vililipita jambo hilo kimyakimya. Baadaye Athenaeum ikapata makao Corinthian Hall, na ni katika ukumbi huohuo, tarehe 5 Julai 1852, Frederick Douglass, mtumwa wa zamani wa Maryland hiyohiyo, alisimama akawauliza Wamarekani wenzake sikukuu yao ya uhuru inamhusu nini mtumwa.

Lakini nikiulizwa baba wa taasisi ni nani, sitamtaja Kanali. Nitamtaja Henry Lomb. Huyu alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, seremala, aliyemkopesha Mjerumani mwenzake John Jacob Bausch dola 60 ili kiduka chake cha miwani kisife. Mkopo ule ukageuka ubia, na ubia ukawa kampuni ya Bausch & Lomb, inayojulikana duniani kwa lenzi. Lomb akaenda vita vya wenyewe kwa wenyewe, akarudi na cheo cha kapteni, na kiwandani akakuta tatizo ambalo kila mwenye karakana analijua: mikono mizuri ipo, ila mwenye kusoma mchoro hapatikani. Mwaka 1885 yeye na wenzake wakaanzisha Mechanics Institute, taasisi ya mafundi, na somo la kwanza likawa uchoraji wa kiufundi, tena jioni, baada ya saa za kazi. Watu walijaa. Mtu ametoka kiwandani, nguo zina mafuta, anakaa mbele ya karatasi na rula hadi usiku. Hao ndio babu zetu.

Athenaeum na taasisi ya mafundi zikaungana mwaka 1891. George Eastman wa Kodak, jirani yetu, akatujengea jengo lililofunguliwa mwaka 1901. Jina la sasa lilipatikana mwaka 1944.

Hadi hapo tulikuwa chuo cha katikati ya mji, majengo yamebanana, na barabara kuu mpya inataka kupita humohumo. Bodi ikawa haijui ihame au ivumilie. Kisha mwaka 1961 mwanamama mmoja wa Rochester, Grace Watson, akafariki akiwa ameiachia taasisi zaidi ya dola milioni 3. Hakuna aliyeutarajia urithi ule. Fedha zile zilisaidia kununua ekari 1,300 za mashamba na majimaji katika kitongoji cha Henrietta, na mwaka 1968 tukahamia. Kila jengo lilikuwa la matofali, mamilioni ya matofali, hadi wanafunzi wakapaita Brick City. Upepo wa majira ya baridi unavyopiga kati ya yale majengo, aliyepita pale hahitaji kukumbushwa. Bwalo la chakula lilipewa jina la Mama Watson, nami naona alistahili zaidi.

Sasa nije kwenye uamuzi ambao kwangu ni mkubwa kuliko yote. Miaka ya 1960 kiziwi wa Marekani aliyetaka elimu ya juu alikuwa na chuo cha viziwi cha Gallaudet, pale Washington, na zaidi ya hapo milango ilikuwa michache. Uhandisi, maabara na kompyuta vilimpita pembeni, na wengi wakaishia kazi za mikono hata kama vichwa vyao viliweza zaidi. Mbunge Hugh Carey wa New York akaupigania muswada wa kubadili hali hiyo, na tarehe 8 Juni 1965 Rais Lyndon Johnson akautia saini. Sheria ilisema ianzishwe taasisi ya taifa ya ufundi kwa viziwi, NTID, ila isisimame peke yake: iwe ndani ya chuo cha watu wanaosikia. Vyuo kadhaa viliiomba. Mwaka 1966 ikapewa RIT, chini ya rais wetu Mark Ellingson, na Robert Frisina akaletwa kutoka Gallaudet awe mkurugenzi wa kwanza.

Wanafunzi wapatao 70 waliingia mwaka 1968, mwaka uleule wa kuhamia Henrietta. Majengo yao hayakuwa yamejengwa. Yalizinduliwa mwaka 1974, na Lady Bird Johnson, mjane wa rais aliyetia saini, akahudhuria. Kwa hiyo miaka ya mwanzo viziwi na wanaosikia walibanana humohumo, kila mtu akijifunza mwenzake ni nani.

Darasani ilikuwa hivi: mwalimu wa hesabu aliyezoea wanaosikia huandika ubaoni huku amewapa wanafunzi mgongo, anasema, "Hii ukiigawanya kwa ile, unapata hii hapa." Mkalimani anasimama pembeni, mikono inafuata. Lakini neno "hii" likishafika kwenye mikono, chaki imeshahama mstari. Mwanafunzi kiziwi ana macho mawili tu, na vinavyoyadai ni vitatu: ubao, mkalimani na daftari lake. Akiandika, anakosa maelezo. Akitazama maelezo, hana alichoandika. Ndiyo maana tangu mapema kazi ya mkalimani ilifuatana na kazi ya mwandika madondoo, na ndiyo maana walimu wetu walifundishwa kuandika kwanza, kugeuka, kunyamaza kidogo, kisha kusema. Wanafunzi wanaosikia nao wakaona wanaelewa zaidi, ingawa hilo halikuandikwa katika sheria yoyote.

Siwezi kumpita Robert Panara. Alipoteza usikivu akiwa na miaka 10 kwa homa ya uti wa mgongo. Alikuja kwetu mwaka 1967 akitokea Gallaudet, akawa profesa wa kwanza kiziwi wa NTID, akafundisha fasihi ya Kiingereza na kuanzisha tamthilia. Kazi za Shakespeare alizifundisha kwa mikono, uso na mabega. Ukumbi wetu wa michezo una jina lake, na mwaka 2017, miaka mitatu baada ya kifo chake, posta ya Marekani ilitoa stempu inayomwonyesha akifanya alama ya heshima.

Harry Lang naye, kiziwi na mwalimu wa fizikia, alitufanyia kazi ya kuokota historia. Kwake wengi tulijifunza habari za Robert Weitbrecht, kiziwi aliyesomea astronomia, ambaye mwaka 1964 alibuni kifaa cha kuunganisha mashine ya teleprinta na simu ya kawaida, viziwi wakaanza kuzungumza kwa maandishi kutoka mji hadi mji. Weitbrecht hakuwa wetu, lakini mashine yake iliingia kila bweni.

Miaka ya 1980 ilileta wimbi. Mlipuko wa rubela wa 1963 hadi 1965 ulikuwa umewapata akina mama wengi wajawazito nchini Marekani, na maelfu ya watoto walizaliwa viziwi. Walipofika umri wa chuo, NTID ilipanuka kwa haraka. Ndani ya NTID ukazaliwa pia mpango wa C-Print, ambapo mwandishi anachapa maneno ya mwalimu kwa vifupisho na mwanafunzi anayasoma papo hapo. Kuhusu uongozi, viziwi walisubiri. Wanafunzi wa Gallaudet walipoandamana mwaka 1988 hadi wakapata rais kiziwi, na sisi tulitazamana. Jibu lilikuja mwaka 1996, Robert Davila alipokuwa kiziwi wa kwanza kuiongoza NTID. Mwaka 1991, kwa upande wa taasisi nzima, kuliandikwa mengi magazetini juu ya ukaribu wetu na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Rais wetu M. Richard Rose aliondoka mwaka uliofuata na maisha yakaendelea.

Utafiti wa nadharia ulikuja kama mgeni wa jioni katika nyumba hii ya mafundi, na kwanza wengine hawakujua wamkalishe wapi. Stanisław Radziszowski, wa idara ya kompyuta, alishughulika na nambari za Ramsey. Chukua wageni sita harusini. Hata uwachague vipi, lazima watakuwemo watatu wanaojuana wote, au watatu ambao hakuna amjuaye mwenzake. Mshike mmoja wao, tumwite Asha: kati ya watano waliobaki, ama anawajua angalau watatu, ama angalau watatu hawajui. Tuseme anawajua watatu. Wawili kati yao wakijuana, pamoja na Asha umepata watatu wanaojuana. Wasipojuana kabisa, hao watatu wenyewe ndio wageni kwa wageni. Upande wa pili ni hivyohivyo. Kwa watu watano dai hili halishiki.

Sasa dai wanne wanaojuana au watano wasiojuana. Inahitaji wageni wangapi? Radziszowski na Brendan McKay wa Australia walithibitisha kuwa ni 25, kwa kuzitumikisha kompyuta nyingi kwa muda mrefu. Habari ilipotoka mwaka 1993, msomaji mmoja alimwandikia Ann Landers, mwanamke maarufu wa safu za ushauri magazetini, kulalamika kwamba fedha zimechezewa. Tulicheka sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na mapitio ya Radziszowski kuhusu nambari hizo, aliyoyaanza mwaka 1994 na kuyasasisha mara kwa mara, yanatumiwa na wanahisabati kila pembe. Ukitaka watano kwa watano, jibu halijapatikana hadi leo.

Angani tuliingia kwa kishindo. Mwaka 2005 Manuela Campanelli na wenzake, wakiwa Texas, waligundua njia ya kuyafanya mashimo meusi mawili yazungukane na kuungana ndani ya kompyuta bila programu kuanguka. Mwaka 2007 walikuja RIT. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO, inayonasa mawimbi ya mvutano, ilipopokea mtikisiko wa mashimo mawili, kila moja likiwa na uzito wa jua letu takriban mara 30, mahesabu ya kikundi chetu yalikuwa miongoni mwa yale yaliyolinganishwa na ishara ile. Tangazo lilitoka Februari 2016. Na Jason Nordhaus, anayefundisha fizikia NTID, ni mtafiti wa nyota katika kituo cha kikundi hichohicho, kwa hiyo wanafunzi viziwi hawasubiri kusimuliwa utafiti huo na mtu wa mbali.

Mengine kwa kifupi. Shahada ya uzamivu ya sayansi ya picha, iliyotangulia nyingine zote. Ya astrofizikia, 2008. Matawi: Kroatia, 1997, Dubai, 2008, Kosovo na China pia. Mpira wa magongo wa barafuni, nusu fainali ya taifa, 2010. Marais baada ya Rose: Simone, Destler, kisha Munson hadi 2025. Wakuu wa NTID: Hurwitz, kisha Buckley, aliyekuwa mwanafunzi wetu, kisha Caroline Solomon, mwanabiolojia kiziwi na mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo, 2024.

NTID ina zaidi ya wanafunzi 1,000 viziwi na wasiosikia vizuri, na hupokea pia wanaotoka nje ya Marekani, ingawa karo yao ni kubwa kuliko ya wenyeji. Mwenye kijana kiziwi anayependa hesabu, iwe Tanga, Kisumu au Bukavu, asimkatishe tamaa kwa sababu ya masikio. Amsaidie kuandika barua ya maombi.