Kikomo cha Umri Ulingoni: Tunapima Nini?

Mapema mwaka 2024 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa ombi la kumruhusu Manny Pacquiao wa Ufilipino kushiriki michezo ya Paris. Alikuwa na miaka 45, na kanuni za ngumi za Olimpiki zinaishia miaka 40. Julai 2025, akiwa na miaka 46, bondia huyo huyo alipanda ulingoni Las Vegas kuwania mkanda wa WBC dhidi ya Mario Barrios. Walipigana raundi 12, wakatoka sare. Pambano la Olimpiki lina raundi tatu za dakika tatu tatu. Aliyenyimwa dakika tisa za ngumi za ridhaa alipewa dakika 36 za ngumi za kulipwa, tena kwa glavu nyepesi zaidi.

Mtetezi wa kanuni atajibu kwamba Olimpiki humtaka bondia apigane mara nne au tano ndani ya wiki mbili, na kwamba ngumi za kulipwa si mfano wa kuigwa. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini hazielezi kwa nini mstari umechorwa hapo ulipochorwa. Hadi mwaka 2013 chama cha kimataifa cha ngumi, AIBA, kiliwazuia mabondia wakubwa waliozidi miaka 34. Mwaka huo kikasogeza kikomo hadi 40. Ubongo wa mwanadamu haukubadilika mwaka 2013. Kilichobadilika ni hamu ya chama kuwapata mabondia wenye majina. Nick Okoth wa Kenya, aliyepigana Beijing mwaka 2008, alirudi Olimpiki Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 38. Kwa kanuni ya awali angebaki nyumbani, na sijaona ushahidi wa kitabibu uliomfanya awe hatari kwa nafsi yake kabla ya 2013 na salama baada ya hapo.

Upande wa chini nao una historia yake. Jackie Fields wa Marekani alitwaa dhahabu mwaka 1924 akiwa na miaka 16. Floyd Patterson alikuwa na 17 huko Helsinki mwaka 1952, na Cassius Clay, ambaye baadaye ndiye Muhammad Ali, alikuwa na 18 huko Roma mwaka 1960. Kwa kanuni ya leo inayoanzia miaka 19, hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeruhusiwa. Mifano hii hutajwa sana na makocha wanaotaka vijana wao waharakishwe. Haithibitishi lolote. Tunawakumbuka watatu hao kwa sababu walishinda. Waliopigwa wakiwa wadogo na kuacha hawana picha ukutani.

Hoja yangu ni kwamba vikomo hivi viwili, ingawa vimeandikwa katika kifungu kimoja, havilindi kitu kimoja, na kuviweka pamoja kumetupotosha. Kikomo cha chini kinamlinda mtu asiyeweza bado kukubali hatari kwa akili yake mwenyewe. Hapo umri ni kipimo halali, kama ilivyo katika ndoa au kura, hata kikiwa si sahihi kwa kila kijana. Kikomo cha juu kinamhusu mtu mzima anayejua anachokifanya, na swali lake ni la kitabibu: mwili huu umebakiza nini?

Kwa swali hilo tarehe ya kuzaliwa hujibu kidogo sana. Tangu Harrison Martland aandike mwaka 1928 kuhusu mabondia waliopoteza mwendo na usemi, utafiti umekuwa ukielekeza kidole kwenye wingi wa makonde. A. H. Roberts aliwachunguza Waingereza 224 waliowahi kupigana kwa kulipwa na mwaka 1969 akaripoti kwamba asilimia 17 walikuwa na dalili za madhara ya ubongo. Madhara yaliongezeka kadiri mtu alivyopigana miaka mingi na mapambano mengi. Mtu wa miaka 42 aliyeanza ngumi akiwa na 35 anaweza kuwa amepigwa kichwani mara chache kuliko kijana wa 24 aliyeanza akiwa na 10. Kanuni inamfukuza wa kwanza na kumkaribisha wa pili. Ni kweli kwamba ubongo husinyaa kadiri umri unavyosonga na mishipa midogo inayouunganisha na utando wake huwa rahisi kukatika, lakini mabadiliko hayo hayana siku ya kuanza. Mieleka na judo zimepata njia nyingine: zina mashindano ya wakongwe, yaliyogawanywa kwa rika. Ngumi, ambayo shabaha yake ni kichwa, ina sababu ya kuwa kali kuliko hizo. Ukali huo ungeelekezwa kwenye uchunguzi wa kila mwaka.

Hapa kuna pingamizi ninaloliheshimu. Uchunguzi wa ubongo kwa mashine una gharama, na klabu nyingi za Dar es Salaam au Nairobi hata daktari wa kudumu hazina. Kikomo cha miaka 40 ni rahisi, hakiombi fedha, na cheti cha kuzaliwa kinatosha. Nakubali kwamba palipo uhaba kanuni butu ni afadhali kuliko kutokuwa na kanuni. Ila tusiiite sayansi.

Tena kanuni zote hizi zinahusu mashindano, ilhali makonde mengi bondia huyapata mazoezini. Kijana wa miaka 14 anayepigana mara sita kwa mwaka mbele ya mwamuzi anaweza kuwa anasimamishwa kila wiki mbele ya mtu mzima mwenye uzito kama wake, kwa sababu siku hiyo hakuna mwingine wa kufanya naye mazoezi. Usawa wa uzito haulingani na usawa wa ukomavu: kilo 50 za mvulana aliyekwisha kubalehe si kilo 50 za yule ambaye bado. Thailand imetuonyesha mwisho wa njia hiyo. Sheria yake ya ngumi ya mwaka 1999 iliwaruhusu walio chini ya miaka 15 kupigana kwa idhini ya mzazi. Novemba 2018 mvulana wa miaka 13 alikufa kwa kuvuja damu kwenye ubongo baada ya pambano, na iliripotiwa kwamba alikuwa amepigana zaidi ya mara 170 tangu akiwa na miaka minane. Umri wake haukuvunja sheria. Idadi ile ndiyo iliyopaswa kumsimamisha, na hakukuwa na wa kuihesabu.

Kwa hiyo kikomo cha chini kikazwe na kifike hadi mazoezini: asiyetimiza miaka 16 afundishwe miguu, kinga na begi, lakini kichwa chake kisiguswe. Kikomo cha juu kilegezwe kwa mwenye rekodi safi na cheti cha daktari. Kati ya hapo kila bondia awe na daftari linaloandika mapambano, mazoezi ya kupigana na kila mara alipoangushwa, na mwamuzi alisome kabla ya kengele. Mashirikisho ya ngumi za ridhaa ya Tanzania na Kenya yanaweza kuanza na daftari hilo katika mashindano yajayo ya vijana, bila kusubiri kanuni kutoka nje.