Ugonjwa Unaanzia Nyumbani



Katika siku za jubilei tunahesabu ubatizo, ndoa na misa. Yatupasa pia kuhesabu makaburi, na kuuliza: kwa sababu gani mutoto wa nyumba moja alipona, na mutoto wa nyumba ingine alikufa, hali ugonjwa ulikuwa ule ule? Historia ya Ituri inatujibu kwa njia ya tauni, ambayo wengi wetu wanaiita pesti.

Ugonjwa huu unajulikana katika Ituri, upande wa milima iliyo juu ya Ziwa Albert, tangu mwaka 1928. Wanganga wa wakati wa Wabelgiji walijua ya kuwa tauni inakaa kwa panya, na ya kuwa viroboto vinaitoa kwa panya na kuileta kwa mutu. Mwaka 1951 René Devignat, aliyechunguza tauni katika Kongo ya Wabelgiji, alipambanua aina tatu za kijidudu chake, na elimu hiyo ilisomwa ulimwenguni pote. Dawa nayo ilikuwa imepatikana: streptomycin ilivumbuliwa mwaka 1943, na mugonjwa anayetunzwa mapema anapona.

Basi, mbona tauni haikuisha? Mwaka 2006 iliua tena watu katika Ituri, na mwaka 2020 ilirudi katika zone ya afya ya Rethy. Jibu ni hili: munganga anaponyesha mutu, lakini haponyeshi nyumba. Mukulima masikini hana ghala, kwa hiyo anaweka mahindi na maharagi ndani ya nyumba anamolala. Panya wanafuata mbegu. Watoto wanalala chini juu ya mukeka, karibu na viroboto. Mama anapoona mutoto ana homa kali na uvimbe katika kinena, anahesabu kwanza urefu wa njia, kisha anahesabu franka. Katika tauni ya mapafu, siku moja ya kuchelewa yaweza kuwa siku ya mwisho. Mwenye kitanda, ghala na pesa hana hofu kama ya mama yule, ingawa panya ni wale wale.

Neno hili lilisemwa waziwazi huko Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa zamani, mwezi wa Septemba 1978. Mataifa yaliyokutana pale yalikubali ya kuwa afya ni haki ya kila mutu, na ya kuwa chakula, maji safi na mafundisho ni sehemu ya matunzo, pamoja na dawa. Inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iligawanywa katika zone za afya 306 katika miaka ya 1980, na makanisa yalipewa kuongoza nyingi kati ya hizo. Ulikuwa mupango mwema. Lakini pesa za serikali zilipunguka, na muzigo wa kulipa ukabaki juu ya mugongo wa mugonjwa mwenyewe. Mulango wa dispansere ulikuwa wazi, lakini masikini hakuweza kuuingia.

Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu vilileta maelfu ya ndugu zetu hapa Bunia. Wengi walilala katika hema za kambi. Walikuwa wamepoteza shamba, ghala, kisima na kitanda kwa siku moja. Hakuna sindano inayorudisha vitu hivyo.

Kwa hiyo, tunapokwenda kutazama mugonjwa, tusimwulize tu amemeza dawa gani. Tumwulize analala wapi, anakunywa maji gani, na nani atalipa. Jamaa zinazosaidiana kujenga ghala, kusafisha chemchemi na kuweka akiba kwa ajili ya wagonjwa zinafanya kazi ya uganga, hata kama hazijui kushika sindano.

Jubilei ya kwanza, katika kitabu cha Walawi, ilikuwa mwaka ambao kila mutu alirudishiwa shamba la jamaa yake. Wazee wale walifahamu ya kuwa mutu asiye na udongo chini ya miguu yake hana uzima kamili. Jubilei yetu isisahau hilo.