Mtoto wa liwali na mtoto wa mvuvi

Wapo wanaoamini siasa tunazijulia shuleni. Mimi naona wengi tumezijulia nyumbani, kwa kazi aliyofanya mzazi. Hebu twendeni Bagamoyo.

Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, Kongo. Alinunuliwa na Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu aliyekuwa liwali wa Bagamoyo enzi za Wajerumani. Sasa jiulize, baraza la mtu kama huyo lilikuwaje? Wenye kesi za mashamba na madeni wanangoja, tarishi anaingia na barua. Hakuna aliyefundisha siasa pale, lakini mtumwa naye ana masikio (na nadhani walisikia mengi kuliko mabwana walivyodhani).

Baadaye Ramiya aliuza samaki, akanunua minazi, akasoma dini hadi kuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, uliwali wakampa yeye. Mtumwa wa liwali kawa liwali!

Alifariki 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alirithi uongozi wa Kadiria, na miaka ya 1950 alikuwa mmoja wa watu wazito wa TANU pale mjini. Baba aliitumikia serikali ya kikoloni, mwana akaunga mkono chama kilichoiondoa. Kumbe hakurithi upande, alirithi kujua serikali inavyoendeshwa: barua aandikiwe nani, nani akisema watu wanafuata.

Mfano wa karibu ni Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, 1950. Baba yake alikuwa mkuu wa wilaya, yeye akawa rais 2005, mwanawe Ridhiwani akaingia bungeni kwa Chalinze 2014. Watu husema ni jina. Jina lipo, sikatai, ila na mazungumzo ya mezani yapo.

Na mtoto wa mvuvi? Tunasema hajui siasa kwa kuwa hakukariri mawaziri. Muulize leseni ya chombo inakatwa wapi, au nyavu gani zikikamatwa zinachomwa. Mkataba wa bandari ya Bagamoyo ulisainiwa 2013, mradi ukasimamishwa 2019, na katikati hapo kuna familia zilizofanyiwa tathmini ya fidia. Mtoto wa nyumba hizo anaijua kazi ya mthamini kuliko mwanafunzi wa chuo. Tatizo lake ni lalamiko alipeleke wapi, maana kwao hakuna aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza.